Mpimaji Asiyetakiwa Kujua

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya kupima wagonjwa katika majaribio ya tiba mpya, mimi nililipwa mshahara kwa miaka mingi ili nisijue. Msicheke. Wenzangu wote walilipwa kwa yale waliyoyajua. Mimi nililipwa kwa yale nisiyoyajua, na hakuna kazi ngumu kuliko hiyo kwa mtu mwenye mdomo kama wangu. Mke wangu husema nikinyamaza kidogo tu, majirani huja kuuliza kama tumefiwa.

Nilianza kama msukuma machela. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nakwenda katikati ya jiji, napanda ngazi hadi kwenye shule ya watu wazima iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Ngazi zilikuwa nyingi hivi kwamba ukifika juu umesahau somo ulilolifuata. Darasa lilijaa mpaka mtu mmoja akipiga chafya, safu nzima inasogea. Humo ndimo nilimopata cheti changu cha sekondari nikiwa na mvi za kwanza, na baada yake cheti cha msaidizi wa tiba ya viungo. Kwa hiyo mkiniona naandika Kiswahili cha kuvaa tai, jueni kilinunuliwa kwa magoti.

Katika ile miaka ya elfu mbili, simu zikiwa bado na vitufe na watu wakiziita kwa majina kama watoto wao, Daktari Wairimu alinichukua kwenye mradi wake. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya neva, mwembamba, anatembea kama mtu anayewahi ndege isimwache. Kliniki yake ilikuwa ndani ya nyumba kuukuu ya kupangisha huko Lavington, mtaa wa matajiri wa Nairobi, yenye ua mrefu, askari getini, na mti wa zambarau uliotuchafulia kila gari.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine hao askari huchanganyikiwa, wanashambulia pale neva inapokabidhi ujumbe kwa msuli. Ujumbe haufiki. Mtu anaamka asubuhi ana nguvu, ikifika alasiri kope zimeanguka, taya limechoka kutafuna, mikono haifiki kichwani, sauti inatokea puani. Akipumzika, inarudi kidogo. Majirani wanasema ni uvivu. Ubaya kabisa ni ukifika kwenye misuli ya kupumulia, maana hiyo haina zamu ya kupumzika. Kuna vidonge vinavyosaidia kwa saa chache, na dawa nyingine za kutuliza wale askari, lakini wagonjwa wetu walikuwa wale ambao hizo zote zilikuwa zimewasaidia nusu tu.

Tiba iliyokuwa ikijaribiwa ilikuwa ya seli. Unatoa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe zile seli changa ambazo askari wote wa mwili huzaliwa kutoka kwazo. Unazigandisha. Kisha unampa dawa kali ya kufuta jeshi lote lililochanganyikiwa, halafu unamrudishia seli zake, zimwanzishie jeshi jipya. Nikieleza hivi inaonekana kama kupanda maharagwe. Haikuwa maharagwe. Ilikuwa hatari, na mmoja wa wagonjwa wetu hakutoka hai kwenye wodi ya tiba hiyo. Daktari Wairimu alimweleza kila mtu hatari hiyo mpaka wengine wakamwambia, "Daktari, basi, tumesikia."

Kwa kura, baadhi walipewa seli na baadhi wakaendelea na dawa za kawaida, kwa makubaliano kwamba wa kundi la pili wakizidiwa nao watapewa seli. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima nguvu za wote bila kujua nani ni nani. Sababu ni kwamba jicho lina upendeleo. Ukijua mtu amepewa tiba mpya, utamwona anapona hata kama amekaa tu. Basi, kwa kuwa ile dawa kali hung'oa nywele na mrija wake huacha alama shingoni, wagonjwa wote, wa seli na wasio wa seli, waliingia chumbani mwangu wamevaa kofia ya sufu na shati la kufunika shingo. Januari, jua linawaka, chumba kimejaa watu wa kofia za sufu. Mgeni angedhani ni kwaya ya wapanda mlima.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Perpetua, muuguzi mkuu wa mradi, Sista wa wodi, si wa utawa. Yeye ndiye aliyejua nani yuko kundi gani, na uso wake ulikuwa umefungwa kama benki siku ya Krismasi. Siku ya kwanza aliniambia, "Mdomo wako ni mzuri sana. Uwe unauacha kwa askari pale getini."

Wiki ya kwanza tu nikaharibu. Alikuja mzee mmoja, nikamwambia anyooshe mkono mbele aushikilie hapo hadi uchoke. Mzee akaushikilia. Nikaanza: "Haya mzee! Haya! Huyooo! Wacha wee!" Mzee kwa aibu ya kuangusha mashabiki akashikilia mpaka jasho likamtoka kwenye kofia. Aliyemfuata alikuwa mama mpole, nami nilikuwa na njaa, nikanyamaza. Mkono ukaanguka mapema. Sista alikuwa mlangoni.

"Hapo umepima nini?"

"Nguvu, Sista."

"Umepima kelele zako."

Akanipa sentensi moja ya kusema kwa kila mtu, kwa sauti ileile, shibe au njaa: "Endelea, usiuache." Mpaka leo nikimwona mjukuu wangu anasukuma baiskeli, hiyo ndiyo inanitoka.

Kipimo kingine kilikuwa kuhesabu kwa sauti. Maagizo yalitoka ng'ambo, yakasema mgonjwa ahesabu hadi hamsini, msikilize ni wapi sauti itaanza kupita puani. Walioandika hawakuwa wamewahi kuhesabu kwa Kiswahili. Kwao arobaini na saba ni kitu cha kutema mara moja; kwetu ni safari na mizigo. Mimi mwenyewe, mzima kama ng'ombe wa maonyesho, nilipojaribu kwa pumzi moja nilifika thelathini na nane nikaona nyota. Halafu yuko aliyehesabu kwa Kiingereza leo, mwezi ujao akaja na Kikikuyu, tukaona nguvu zimepanda na kushuka kama bei ya nyanya. Tukakubaliana: lugha uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo.

Lakini adui mkubwa wa vipimo vyetu ilikuwa neno dogo: mzuri. Mnajua tulivyo. Mtu anavuja damu, ukimuuliza habari, atakwambia mzuri. Mimi naanza kusoma maswali: kumeza kukoje? "Mzuri." Kutafuna? "Mzuri tu, tunashukuru." Huku kope zimelala kama mapazia ya duka lililofungwa! Sista akanifundisha nisiulize hali, niulize shughuli. Jana mezani, nani alimaliza kula wa mwisho? Nyama uliila mwenyewe au uliwasogezea watoto? Nywele ulijichana au ulichanwa? Hapo ndipo mtu anacheka kidogo na kusema ukweli. Shikeni hilo hata mkisahau mengine yote.

Sasa nije kwa Mama Shiko.

Alikuwa mama mboga, muuza mboga wa Kangemi, mtaa wa jirani wa watu wa kawaida, kibanda chake kikiwa karibu na soko. Siku ya kwanza alipofika Lavington askari alimwelekeza mlango wa nyuma, akidhani amekuja kutafuta kazi ya kufua. Alipoingia kwangu bado anacheka. "Daktari, nusura nipewe nguo zenu nifue," akasema, na mimi sikumsahihisha kwamba si daktari, kwa sababu jina hilo lilinikaa vizuri.

Shida ni kwamba mimi pia nilikaa Kangemi. Wale wa ng'ambo walifikiri mpimaji na mgonjwa wanakutana kliniki tu. Hawakujua kwamba mke wangu, Mama Deno, alinunua sukuma wiki kwa Mama Shiko kila siku iliyoumbwa na Mungu, na si kwa upendeleo: Mama Shiko alikuwa mkataji bora wa sukuma kutoka Kangemi hadi mpaka wa Uganda. Mnaona mama mboga anavyokunja majani, anayabana kwa mkono mmoja, kisu kinapita kwa mwingine? Ya kwake ilikuwa inatoka nyembamba kama uzi wa kushonea. Ukiitia kwenye sufuria inaiva kabla hujafunika.

Kwa ajili ya kazi nikaanza kuzunguka. Kufika nyumbani nilipita nyuma, kwa wauza mitumba, ili nisimwone ana kofia au hana, ana nywele au hana. Mara moja alitokea ghafla, nikajificha ndani ya makoti ya kuning'inizwa mpaka mwenye makoti akaniuliza nanunua au nahamia. Na nyumbani nikatoa amri.

"Mama Deno, kuanzia leo jina la Mama Shiko lisitajwe hapa."

"Kwani amekukosea nini?"

"Ni kazi. Nikijua hali yake, nimeharibu mradi. Naweza kufutwa."

"Wee! Ati hata nikisema amenisalimia?"

"Hata."

Mama Deno ni Mmaragoli wa nyumba ya wasemaji. Aliteseka. Anaingia na mboga, anafungua mdomo, ananiangalia, anaufunga. Lakini alinyamaza kweli.

Kliniki, Mama Shiko alikuwa nyota yetu. Anakuja asubuhi, ananyoosha mkono kama anasimamisha gari, anahesabu vizuri, anameza maji bila kukohoa. Hata maswali ya Sista aliyapita. Nani alimaliza wa mwisho mezani? "Mimi ndiye napakua, Daktari, lazima nimalize mwisho." Daktari Wairimu akiona matokeo anatabasamu, na daktari huyo hakuwa mtu wa kutabasamu kwa bei rahisi. Mimi moyoni nikasema, huyu amepewa seli. Sikutakiwa kusema hivyo hata moyoni.

Kisha, jioni moja, Mama Deno akaniwekea ugali na sukuma. Nikatia mkono. Sukuma ilikuwa nene. Nikala tu. Siku zilizofuata ikawa nene zaidi, mabua mazima ndani, na baadaye haikuwa imekatwa tena. Ilikuwa imeraruliwa, kama mtu aliyepigana nayo.

"Mama Deno, umeanza kukata mboga mwenyewe?"

Akaniangalia. Akabana midomo.

"Nakuuliza. Umebadilisha mama mboga?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Amepata msichana wa kumsaidia?"

Akatikisa tena.

"Si useme basi!"

"Niseme nini? Si uliniambia nikisema utafutwa? Mimi sijasema kitu. Kisu ni kilekile, mkono ni uleule. Hapo nimenyamaza. Kula."

Sikula. Nilitazama ile sahani kama mtu anayesoma telegramu. Mkono niliokuwa naupima asubuhi, umenyooka kama mlingoti, ndio huu umeshindwa na jani. Mkono ukifika hapo, pumzi haiko mbali nyuma yake.

Asubuhi nilimwendea Sista, si Daktari, kwa sababu ndiyo kanuni: mpimaji akijua, anamwambia yule anayejua tayari. Nikamwambia Mama Shiko anaanguka.

Akavua miwani. "Umemwona?"

"Sijamwona. Nimeona mboga zake. Sista, zile sukuma zilikuwa kama zimetafunwa na kiboko!"

"Wewe," akasema, "jana ulisema umeng'atwa na mbu mwenye ukubwa wa kuku. Ondoa chumvi. Inabaki nini?"

Hapo ndipo nilipoona bei ya mdomo wangu. Mama wa watu anaweza kukata pumzi kwa sababu mimi huongeza chumvi. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa kwenye mfuko bakuli la plastiki, nikalifungua mezani pake. Sista ni mpishi wa nyumba ya watoto sita. Aliinua kipande kwa kalamu, akakigeuza.

"Hii ni ya Mama Shiko? Yule anayekata kama uzi?"

"Kumbe hata wewe unamjua?"

"Nani hamjui?" Tayari alikuwa anatafuta mkoba wake. "Twende. Alasiri, si sasa. Asubuhi atatudanganya tena."

Tulimkuta kibandani jua likiwa limeanza kushuka. Wateja walikuwa wanajikatia mboga wenyewe, wakidhani amekuwa tajiri wa madaha. Amekaa kwenye kreti, kiganja chini ya kidevu kama mtu anayewaza. Hakuwa anawaza. Alikuwa anashikilia taya lake ili aweze kusema. Kope moja imefunga.

Alipotuona akajaribu kusimama. "Karibuni... Sista... mzuri..."

"Nani amekuuliza?" Sista akapiga magoti pale kwenye matope na soksi zake nyeupe. "Mama, hesabu kwa pumzi moja."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano..." Sauti ikaingia puani. "Sita..." Akavuta hewa. Haikufika saba.

Mimi nilitaka kusema ile sentensi yangu, endelea, usiuache. Badala yake nilikwenda kutafuta teksi, na ile ya kwanza iliyonikataa nadhani bado inanisikia nikiitukana.

Njiani, kwa vipande, kidevu mkononi, Mama Shiko alituambia. Alikuwa ametoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu amemponya kupitia Daktari Wairimu. Kanisa zima lilisimama likaimba. Sasa angerudi vipi kusema mikono imelegea? Tena kulikuwa na Daktari mwenyewe. "Anafurahi sana... nikiinua mkono," akasema. "Amehangaika na mimi... ningemvunja moyo aje?"

Kwa hiyo kila kipimo kilipokaribia aliacha kuuza tangu siku iliyotangulia, akalala usingizi wa kutosha. Na vile vidonge vya kusaidia kwa saa chache, ambavyo tulimwambia asimeze kabla ya kipimo, alivimeza getini. Maji alipewa na askari, aliyejiona anafanya jambo la kiungwana. Sote tulikuwa watu wazuri, jamani. Wema wetu ndio uliokuwa unamuua.

Alilazwa hospitalini kwenye mashine ya kupumulia. Daktari Wairimu alikaa kando ya kitanda chake, akamshika mkono. Mama Shiko hakuweza kusema kwa sababu ya bomba, kwa hiyo kwa mara ya kwanza hakusema mzuri. Daktari alimwinamia. "Mama Shiko, ukija kwangu usinionee huruma. Niletee ubaya wote. Mimi nimesomea ubaya." Mama Shiko machozi yakamtoka pembeni, nami nikatoka nje kuangalia miti, kwa sababu kulikuwa na vumbi jingi mle wodini.

Kliniki ikabadilika. Vipimo vikahamia alasiri, baada ya watu kufanya kazi zao. Daktari akawatembelea wachungaji na mapadri wa wagonjwa, akawaomba wapokee na ushuhuda wa mtu ambaye bado anangoja. Mchungaji wa Mama Shiko ndiye aliyekuja hospitalini kumwambia kwamba kiti chake kipo vilevile. Askari akabaki na maji yake.

Mimi nilitolewa kwenye kumpima Mama Shiko, akaletwa binti mwingine mpole asiyekaa Kangemi. Ilibidi. Nilikuwa nimeshajua. Na nikajua pia kwamba nilikosea moyoni: hakuwa kwenye kundi la seli. Alikuwa kwenye dawa za kawaida muda wote, akizifanya zionekane bora kuliko zilivyokuwa, kwa heshima tu. Kwa mujibu wa makubaliano, sasa angeweza kupewa seli. Alipotolewa kwenye mashine, Daktari alimsomea hatari zote upya, na yule aliyetutoka akatajwa. Mama Shiko aliomba siku za kufikiri. Akarudi akasema, "Haya."

Vijana, sitawaambia kwamba seli zile ziliponya kila mtu. Wengine zilipowarudia hazikubadilisha kitu. Wengine zilisaidia, kisha zikachoka. Ndiyo sababu tulikuwa tunapima badala ya kutangaza.

Mama Shiko alikaa muda mrefu bila kuonekana sokoni. Tulinunua sukuma kwa mama mwingine, iliyokatwa wastani, na nikaila kama adhabu. Niliruhusiwa kuuliza hali yake, lakini nilikuwa naogopa jibu, na Mama Deno, ambaye hapo zamani alikuwa anapasuka kwa kutaka kusema, alikuwa ameshakolea kwenye kunyamaza.

Halafu jioni moja akaniwekea sahani, asiende jikoni. Akasimama palepale, mikono kiunoni, midomo imebanwa.

Nikafungua sufuria ndogo ya mboga. Nikaichota kwa vidole, nikaisogeza kwenye taa. Nyembamba kama uzi wa kushonea. Hakuna bua. Kila jani limekunjwa, limebanwa kwa mkono mmoja, limekatwa kwa mwingine, mpaka mwisho.

"Mama Deno," nikasema, na sauti yangu ilipita puani, "sasa unaweza kusema."

"Niseme nini?" akaniambia. "Kula."